Guruneti za Jeshi Jekundu: kutoka ubunifu wa Dyakonov hadi kopo la Korshunov

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi wa historia, na wageni wote mliofika jioni ya leo,

Nilipoombwa nizungumzie silaha za Umoja wa Kisovieti katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, niliona kwamba habari za kifaru cha T-34 na za mizinga ya roketi ya Katyusha zimekwisha kusimuliwa sana, na wengi wenu mnazifahamu. Kwa hiyo nimechagua silaha iliyokuwa ndogo kuliko zote katika ghala la Jeshi Jekundu, yaani bomu la kutupa kwa mkono, ambalo wengi wetu tumezoea kuliita guruneti. Katika vitabu vingi vya vita hutajwa kwa sentensi moja tu na kupitwa, ilhali askari wa miguu aliyeingia katika mahandaki ya mwaka 1941 au katika magofu ya Stalingrad aliitegemea kila siku.

Hoja yangu ni hii. Tukifuatilia guruneti za Kisovieti tangu mwaka 1914 hadi mwaka 1945, tunakuta kwamba aliyeamua sura ya silaha hizo hakuwa mbunifu pekee. Waliamua pia fundi aliyechukuliwa jeshini akaiacha mashine yake, kiwanda kilichong'olewa na kupakiwa kwenye mabehewa, na askari aliyepewa mafunzo ya siku chache tu kabla ya kupelekwa mstari wa mbele. Vita viliponyang'anya nchi ile mafundi, chuma na muda, guruneti ilizidi kuwa rahisi, na urahisi huo ndio uliodumu hata baada ya amani kurejea.

Naanzia nyuma kidogo. Majeshi mengi ya karne ya 19 yalikuwa yamekwisha kulidharau bomu la mkono na kuliona kuwa silaha ya zama za ngome na kuta. Vita vya Urusi na Japani vya mwaka 1904 na 1905 vilibadili mtazamo huo. Huko Port Arthur, walinzi wa Kirusi waliozingirwa na Wajapani walianza kutengeneza mabomu ya mkono kwa maganda ya risasi za mizinga na kwa chuma chochote walichokipata, kwa sababu pande hizo mbili zilikuwa zimekaribiana mno hata bunduki ndefu haikufaa. Somo hilo lilichukuliwa na afisa wa mizinga aliyeitwa Vladimir Rdultovsky, mtaalamu wa fyuzi, yaani kifaa kinachowasha mlipuko, ambaye alibuni guruneti ya mwaka 1912 na kuiboresha mwaka 1914. Guruneti hiyo ilipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, ikapigana tena pande zote mbili katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata mapinduzi ya 1917, na ikarithiwa na Jeshi Jekundu pamoja na maghala yake. Rdultovsky mwenyewe aliendelea kuwatumikia watawala wapya na kuwafundisha vijana wa fani yake. Mwaka 1939 aliuawa na mlipuko alipokuwa akifungua fyuzi ili aichunguze. Namtaja kwa heshima, kwa kuwa kazi ya watu hawa ilikuwa na hatari hata ndani ya maabara, mbali na adui yeyote.

Baada yake anakuja Mikhail Dyakonov. Huyu alikuwa amekwisha kujulikana kwa kifaa chake cha kurushia guruneti kwa bunduki ya kawaida. Mwaka 1930 alipewa kazi ya kuihuisha guruneti ya Rdultovsky ili ijazwe kilipuzi cha TNT, na miaka mitatu baadaye akatoa ya kwake, iliyopewa jina la RGD-33. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu RGD-33 inaonyesha vizuri fikra za miaka ile ya amani.

Ilikuwa guruneti yenye mpini wa chuma na kichwa cha bati la mviringo. Ndani ya kichwa, kuzunguka baruti, kulizungushwa utepe wa chuma uliochongwa mikato ili upasuke vipande vingi vidogo. Ikiwa hivyo ilivyo, ilikuwa na uzito wa nusu kilo hivi, na ilikusudiwa askari anayeshambulia, ambaye hana pa kujificha na hataki vipande vimfikie mwenyewe. Kwa askari aliyekaa kwenye handaki, kulikuwa na vazi la chuma nene lililovishwa juu ya kichwa kile na kufungwa kwa kibano, na uzito ukapanda hadi robo tatu ya kilo. Kwa njia hiyo silaha moja ilifanya kazi mbili, jambo ambalo kwenye karatasi ni la kupendeza sana, na mimi binafsi naliona kuwa ubunifu wa hali ya juu.

Shida ilikuwa mikononi. Ndani ya mpini mlikuwa na springi, na askari alipaswa kuuvuta na kuuzungusha mpini ili springi ile ikazwe, kisha kusogeza kizuizi cha usalama, kisha kuingiza fyuzi iliyobebwa peke yake, na wakati wa kutupa alihitaji mrusho wenye nguvu ya kutosha ili mpini ujifyatue. Mfululizo huo askari aliyefunzwa vizuri aliufanya bila taabu. Mchukueni sasa mkulima wa miaka 18 aliyeandikishwa wiki mbili zilizopita, amevaa glavu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na adui yuko umbali wa mita 30. Na upande wa kiwanda, kila kipande cha mpini ule kilihitaji fundi mwenye kipimo na mashine nzuri.

Sambamba na RGD-33 kulikuwa na guruneti nyingine, ya asili ya kigeni. Katika Vita Kuu ya Kwanza Urusi ilikuwa imepokea kutoka Ufaransa guruneti za F-1, zenye mwili wa chuma kilichomiminwa kwenye kalibu na kuchorwa miraba. Baada ya vita miili hiyo ilibaki kwa wingi bila fyuzi za kutegemewa. Mbunifu Fyodor Koveshnikov alitengeneza fyuzi iliyofanya kazi yenyewe mara baada ya wenzo kuachiwa, na mwaka 1928 F-1 ikapokelewa rasmi. Mwaka 1939 Fyodor Khrameev aliurahisisha mwili wake, na umbo alilolitoa ndilo ambalo limeendelea kutengenezwa kwa miongo mingi bila mabadiliko makubwa. Ina uzito wa gramu 600 hivi, na vipande vyake huweza kuruka hadi mita 200, mbali kuliko mkono wa mtu unavyoweza kuitupa. Kwa hiyo anayeitumia sharti awe nyuma ya kinga. Askari waliipa jina la utani la limonka, yaani limau.

Jamii nzima ilikuwa imeandaliwa kwa silaha hizi kabla ya vita. Programu ya mazoezi ya umma iitwayo GTO, maana yake „Tayari kwa Kazi na Ulinzi“, iliyoanzishwa mwaka 1931, iliingiza kurusha guruneti ya mazoezi miongoni mwa majaribio yake, pamoja na kukimbia, kuogelea na kulenga shabaha. Wavulana na wasichana walirusha vyuma visivyo na baruti katika viwanja vya shule na vya viwanda. Ukilitazama jambo hili kwa macho ya leo linatisha, lakini bila kulijua huwezi kueleza ni kwa nini mwaka 1941 vijana wa mijini waliojitolea katika vikosi vya wananchi walijua angalau namna ya kusimama na kurusha.

Kisha ikaja tarehe 22 Juni 1941. Katika miezi ya mwanzo Jeshi Jekundu lilipoteza maghala yaliyokuwa karibu na mpaka, likapoteza mamia ya maelfu ya askari waliozingirwa, na viwanda vya magharibi vikawa katika hatari ya kutekwa. Takwimu rasmi za Kisovieti zinasema kwamba kati ya Julai na Novemba mwaka huo viwanda 1,523 vilihamishiwa mashariki, kwenye milima ya Ural, Siberia, eneo la Volga na Asia ya Kati. Mashine zilishushwa kwenye theluji na wakati mwingine zikaanza kufanya kazi kabla paa halijajengwa. Waliozisimamia hawakuwa tena mafundi wa miaka ya thelathini. Walikuwa wanawake ambao waume zao walikuwa vitani, wazee waliorudishwa kazini, na watoto wa miaka 14 na 15 ambao wengine walipandishwa juu ya masanduku ili wazifikie mashine.

Hapo ndipo RGD-33 iliposhindwa. Haikushindwa kuua. Ilishindwa kutengenezwa kwa wingi uliotakiwa. Kulikuwa na jaribio la kuirahisisha lililoitwa RG-41, ambalo halikudumu, na mwaka 1942 mbunifu S. G. Korshunov akaleta RG-42. Ukiiona leo katika jumba la makumbusho unaweza kudhani ni kopo la maziwa: silinda fupi ya bati, yenye kifuniko juu na kitako chini. Utepe wa vipande upo ndani bado, lakini hakuna mpini, hakuna springi, hakuna vazi. Haikuhitaji kiwanda cha silaha. Karakana yoyote yenye mashine ya kukandamiza bati, hata iliyokuwa ikitengeneza vyombo vya nyumbani, iliweza kuifanya. Ilikuwa na uzito wa gramu 420 tu, na askari aliweza kubeba kadhaa.

Jambo ambalo naliona kuwa kubwa zaidi ya kopo lenyewe ni fyuzi yake. Viceni na Bednyakov walibuni fyuzi moja iliyoitwa UZRG, ambayo iliingia katika RG-42 na katika F-1 vilevile. Fikirini maana yake kwa mkuu wa ugavi wa kikosi: hahitaji tena kuhakikisha kwamba sanduku la fyuzi za aina hii limefuata guruneti za aina hii na sanduku lile limefuata zile. Na askari aliyejifunza moja amejifunza zote mbili: unabana wenzo, unavuta pini, unatupa, na baada ya sekunde tatu hadi nne inalipuka. Fyuzi hiyo ilikuwa na kasoro zake, hasa kwamba unyevunyevu uliweza kuiharibu, na baada ya vita ilibidi irekebishwe. Hata hivyo iliwafaa watu waliokuwa nayo kwa wakati waliokuwa nao.

Huko Belarus na katika misitu ya Ukraine na Urusi ya magharibi, wapiganaji wa msituni walitengeneza mabomu yao kwa mabomba ya maji, kwa makopo na kwa baruti iliyotolewa katika risasi za mizinga zilizoachwa. Jumba la makumbusho la vita lililoko Minsk lina mkusanyo wa silaha hizo za kujitengenezea, na anayezitazama huona mara moja jinsi zilivyo jamaa wa karibu wa RG-42.

Mahali ambapo guruneti ilipata nafasi yake kamili ni Stalingrad, kuanzia Septemba 1942. Jenerali Vasily Chuikov, kamanda wa Jeshi la 62, aliona kwamba ndege na mizinga ya Wajerumani ilipoteza faida yake iwapo askari wake wangewakaribia adui hadi umbali wa kutupiana guruneti, kwa kuwa rubani hathubutu kulenga mahali ambapo askari wa upande wake wamechanganyika na wa adui. Mstari wa mbele ukawa ukuta wa chumba, ngazi ya ghorofa, sakafu ya karakana. Chuikov aliunda vikundi vidogo vya kushambulia, vyenye bunduki za rashasha, visu, sururu na guruneti nyingi. Maelekezo yake kwa askari yalijulikana sana: ingieni nyumbani wawili, wewe na guruneti, nyote mkiwa mmevaa kiwepesi, wewe bila begi la mgongoni na guruneti bila vazi lake. Anayejua RGD-33 anaelewa mara moja kwamba vazi linalotajwa ni lile la chuma la Dyakonov. Guruneti hutangulia mlangoni, askari hufuata, kisha hutupwa nyingine katika kila pembe na kila chumba kabla ya kukiingia. Vita vya namna hiyo vilimaliza guruneti kwa masanduku, na masanduku hayo yalivushwa mto Volga usiku kwa mashua chini ya moto wa mizinga.

Sasa niwaombe tugeukie upande mwingine wa habari hii, ambao kwangu ndio mzito zaidi: guruneti ya kupambana na kifaru. Mikhail Puzyrev alibuni mwaka 1940 guruneti ya RPG-40, yenye uzito wa kilo moja na gramu mia mbili hivi, iliyolipuka ilipogonga. Nguvu yake ilikuwa ya mlipuko mtupu, na iliweza kuvunja chuma cha milimita 20 hadi 25. Mwaka 1941 vifaru vingi vya Kijerumani vilikuwa na deraya, yaani bamba la chuma la kukinga kifaru, ya mbele ya milimita 30 au zaidi. Hesabu hiyo inajieleza. Ilibidi askari alenge minyororo, ubavu au paa la injini kwa nyuma, na kitu chenye uzito ule hakitupwi mbali: mita 15, pengine 20 kwa mwenye mkono mzuri. Ndiyo maana katika miezi ile walifunga guruneti kadhaa pamoja kwa waya, na ndiyo maana walipewa chupa za mchanganyiko wa kuwaka ambao Kachugin na Solodovnikov waliubuni na ambao uliitwa kwa herufi za kwanza za majina yao, KS.

Ili mtu aweze kukingoja kifaru hadi mita 15, ni lazima kwanza afundishwe kutokimbia. Makamanda wa Kisovieti walianzisha zoezi ambalo maveterani wengi walilikumbuka hadi uzeeni. Askari mpya alikaa katika handaki jembamba, na kifaru cha upande wake kikapita juu yake. Udongo ulimwangukia shingoni, ardhi ikatetemeka, moshi wa dizeli ukajaa handaki. Kifaru kilipokwisha kupita, alipaswa kuinuka na kurusha guruneti ya mazoezi kwenye paa la injini. Baada ya hapo alijua kwa mwili wake kwamba handaki jembamba lililochimbwa vizuri linamwokoa, na kwamba dereva wa kifaru hamwoni mtu aliye karibu naye. Naliona zoezi hilo kuwa na thamani kubwa kuliko guruneti ya RPG-40 yenyewe.

Mapambano ya baruti na deraya yaliendelea. Kifaru cha Tiger kilionekana kwa mara ya kwanza karibu na Leningrad mwaka 1942, kikiwa na milimita 100 za deraya ya mbele, na Jeshi Jekundu lilikamata kimoja huko Januari 1943. Mwaka huohuo ndipo ilipofika guruneti ya RPG-43 ya N. P. Belyakov, iliyotumia baruti iliyopangwa kwa umbo la faneli, ambayo huelekeza nguvu yake sehemu moja na kutoboa badala ya kubomoa. Ilitoboa milimita 75 hivi. Kwa kuwa nguvu hiyo hufaa tu ikiwa kichwa kimegonga kikiwa kimeelekea mbele, mkia wake ulifunguka hewani na kutoa mikanda ya kitambaa iliyoinyoosha. Kabla mwaka haujaisha ikaja RPG-6, iliyobuniwa na Polevanov, Ioffe na Zhitkikh, iliyotoboa hadi milimita 100. Katika miaka mitatu uwezo uliongezeka mara nne au zaidi. Umbali wa kurusha haukuongezeka hata kidogo: mita 15 hadi 20 zilezile.

Ni katika nafasi hiyo ya mita 15 ndipo hadithi za propaganda zilipoota. Mashuhuri kuliko zote ni ya askari 28 wa Panfilov, ambao gazeti la jeshi la Krasnaya Zvezda lilisimulia kwamba tarehe 16 Novemba 1941, karibu na Dubosekovo nje ya Moscow, walikufa wote baada ya kuharibu vifaru 18 kwa guruneti na chupa. Mwaka 1948 mwendesha mashtaka mkuu wa kijeshi alichunguza na kuhitimisha kwamba simulizi ile ilitungwa na waandishi, na kwamba baadhi ya hao 28 walikuwa hai. Ripoti hiyo ilifichwa kwa miongo mingi, na mwaka 2015 hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Urusi iliitoa hadharani, mzozo mkubwa ukafuata. Msimamo wangu ni kwamba ukweli hauwapunguzii heshima wapiganaji wale. Divisheni ya 316, iliyoundwa Kazakhstan chini ya Jenerali Ivan Panfilov, ilipigana kweli, ilikufa kweli kwa idadi kubwa, na Panfilov mwenyewe aliuawa siku mbili baadaye. Kilichotungwa ni hesabu ya vifaru, na kutunga huko kulificha swali ambalo mamlaka hazikutaka liulizwe: kwa nini mwezi wa Novemba askari wa miguu alikuwa bado hana kitu bora kuliko guruneti isiyoweza kuvunja zaidi ya milimita 25 za chuma?

Jibu la kiufundi lilikuja baada ya vita. Silaha nyepesi ya begani ya kurushia guruneti, RPG-2, iliingia jeshini mwaka 1949, na RPG-7 ikafuata mwaka 1961, na askari hakulazimika tena kusubiri hadi mita 15, ingawa guruneti ya mkono ya RKG-3 ya mwaka 1950 iliendelea kwa muda. Mwaka 1954 RG-42 ilipokewa nafasi na RGD-5, yenye gramu 310 tu, ndogo na laini, ikitumia fyuzi ya ukoo uleule wa UZRG. F-1 haikuondoka.

Na kwa njia hiyo zikafika kwetu. Baada ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, silaha za Kisovieti na za Kichina zilipita bandarini humo kuelekea kambi za wapigania uhuru wa kusini, wakiwemo wa chama cha FRELIMO cha Msumbiji waliofunzwa Kongwa na Nachingwea, na guruneti za ukoo huu zilikuwa miongoni mwake. Wale waliozibeba kuvuka mto Ruvuma walikuwa na sababu ambayo hakuna aliyeko ukumbini humu atakayeikana. Lakini guruneti haina tarehe ya kustaafu. Katika nchi za Maziwa Makuu, na hasa Burundi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake, guruneti ilikuwa silaha ya bei nafuu ambayo ilitupwa katika baa, sokoni na majumbani, mara nyingine kwa ugomvi wa shamba tu. Raia wa Burundi walisalimisha nyingi sana katika kampeni ya mwaka 2009. Nchi za ukanda huu zilikuwa zimetia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004 ili kudhibiti silaha ndogondogo, na kazi ya kukusanya na kuteketeza inaendelea.

Urahisi niliousimulia jioni hii, ule wa wenzo, pini na sekunde tatu hadi nne, ulitafutwa kwa ajili ya kijana asiye na mafunzo aliyekuwa akiitetea nchi yake mwaka 1942. Urahisi huohuo ndio unaofanya kila guruneti iliyosahauliwa kwenye ghala au chini ya kitanda iwe rahisi vilevile kwa mtoto atakayeiokota. Kwa wanafunzi mnaotafuta mada za utafiti, nawasihi mwanzie hapo: maghala ya nchi zetu wenyewe, na kumbukumbu za wazee waliozipokea silaha hizi bandarini, kambini na mpakani, kabla hawajaondoka.

Ndugu Mwenyekiti, nashukuru kwa subira yenu. Niko tayari kupokea maswali.